Ngao Nene ya Ukambani: Rekodi za Jua na Miale ya Kosmiki

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa karibu mita 2.5 na uzani wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, eneo la Mbooni, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeumia. Punde Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) likatoa taarifa: kwa uchunguzi wa awali, kile kilikuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Vitu vya aina hiyo kwa kawaida huungua vinaporudi kwenye angahewa, au huangukia baharini na kwingine kusikokaliwa na watu. Hiki kilitua Ukambani.

Mwaka 2024 haukuwa mwaka wa kawaida kwa jua. Mzunguko wake wa 25, kwa hesabu iliyoanza karne ya 18, ulifikia kilele mwezi Oktoba, wastani wa idadi ya madoa meusi yanayoonekana juani ukiwa 160.9. Madoa yakizidi, mionzi ya urujuanimno nayo huzidi, na tabaka la juu la angahewa hupata joto na kuvimba. Mabaki ya roketi yaliyokuwa yakizunguka dunia bila kizuizi hujikuta yakipita kwenye hewa nzito kuliko jana. Hupungua kasi, hushuka. Sisemi kwamba jua ndilo lililoiangusha pete ya Mukuku, maana kila chombo kina njia yake na siku yake. Ila miaka ya jua kali ndiyo miaka ya vitu vingi kushuka mapema, na mfano mkubwa kuliko yote ni Skylab, kituo cha Marekani chenye uzani wa tani zipatazo 77, ambacho jua la mzunguko wa 21 lilikivuta chini kabla ya wamiliki wake kupata njia ya kukiokoa. Kiliporomoka tarehe 11 Julai 1979, vipande vikatapakaa Australia Magharibi.

Jua hilo hilo, linapochachamaa, hutufanyia kazi nyingine iliyo kinyume na hiyo. Hufukuza.

Kinachofukuzwa ni miale ya kosmiki. Huitwa miale, lakini si mwanga. Ni vipande vya atomi, vingi vikiwa protoni, vilivyorushwa na nyota zilizolipuka na vyanzo vingine vilivyo mbali nje ya mfumo wetu wa jua, vikija kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Kutoka juani kwenyewe hutoka upepo wa gesi yenye chaji usiokoma, na upepo huo hubeba nguvu ya sumaku hadi mbali kupita sayari zote. Vipande visivyo na nishati ya kutosha husukumwa kando kabla havijatukaribia. Jua likiwa na shughuli nyingi, sumaku hiyo hukazana na kuvurugika, na miale inayotufikia hupungua. Jua likitulia, miale huongezeka. Rekodi nyingi zinazofuata zimejengwa juu ya kanuni hiyo, nami nimezitazama nikiwa na Kitui na Makueni akilini, kwa sababu kaunti hizi mbili zina bahati ambayo nadhani haijasemwa vya kutosha.

Waliokingwa zaidi

Kitui inaanzia chini ya robo digrii kusini mwa ikweta na kufika karibu na digrii 3. Makueni nayo inaishia kwenye latitudo hiyo hiyo, upande wa Chyulu na Mtito Andei. Katika eneo hili mistari ya sumaku ya dunia imelala zaidi kuliko kusimama. Protoni inayoshuka kutoka juu hulazimika kuikata mistari hiyo kwa ubavu, na isipokuwa na nishati ya kutosha hupindwa na kurudishwa ilikotoka. Kizingiti cha nishati cha hapa ni kati ya elektronivolti bilioni 13 na 15 hivi. Huko kwenye ncha za dunia mistari imesimama wima, na sumaku haizuii karibu chochote; kinachobaki kuwakinga watu ni hewa peke yake. Aliyewahi kupepeta mtama kwenye ungo anaelewa: makapi yanapeperuka, punje nzito zinabaki. Sumaku ya ikweta inatuachia punje nzito tu.

Rekodi ya dunia ya kizingiti kikubwa haishikwi na Afrika Mashariki. Eneo lake ni kusini mwa Asia na kusini-mashariki yake, na miongoni mwa vituo vya kudumu vya kuhesabu nyutroni zinazozaliwa na miale ya kosmiki, kinachoongoza ni kile cha Princess Sirindhorn kwenye kilele cha Doi Inthanon, Thailand, chenye kizingiti cha bilioni 16.8. Lakini tofauti kati ya pale na Wote au Mwingi ni ndogo ukilinganisha na tofauti kati ya Wote na Finland.

Matokeo yake ni makubwa. Jua huiathiri hasa miale dhaifu, na athari yake hufifia sana kuanzia bilioni 20 na kuendelea. Sehemu kubwa ya miale hiyo dhaifu huwa imezuiwa na sumaku ya dunia kabla ya kuufikia Ukambani. Kwa hiyo vituo vya karibu na ncha huona idadi ya nyutroni ikipanda na kushuka kwa takriban asilimia 20 kati ya miaka ya jua kali na miaka ya jua tulivu, ilhali vituo vya ikweta huona chini ya nusu ya mabadiliko hayo. Abiria anayeruka kutoka Mombasa kwenda Nairobi, akipita juu ya Makueni, hupokea mnururisho mdogo kwa saa kuliko abiria aliye kwenye kimo hicho hicho akivuka karibu na ncha ya kaskazini, na miaka ya jua tulivu inapofika, tofauti hiyo huzidi kupanuka.

Joto la mchana lisituchanganye hapa. Jua la Septemba linalokausha mito ya Kitui halionyeshi kwamba jua lenyewe limechachamaa. Jumla ya mwanga na joto linalotumwa duniani hutofautiana kwa takriban asilimia 0.1 tu kati ya kilele cha madoa na utulivu wake. Kinachobadilika sana ni sumaku, upepo na milipuko, mambo ambayo ngozi ya binadamu haiyahisi.

Waliopanda juu kabisa kuitafuta

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona. Wenyeji walikuwa wameuona enzi na enzi. Mwaka huo huo, huko Bern, Uswisi, Rudolf Wolf alikuwa ameanza kuyahesabu madoa ya jua kwa utaratibu, na hesabu ya kila siku isiyo na pengo inaanzia 1849 hadi leo. Ni miongoni mwa kazi za sayansi zilizodumu muda mrefu zaidi bila kukatika. Laiti tungekuwa na hesabu ndefu kama hiyo ya mvua ya Kitui!

Kilele cha juu cha mlima aliouona Krapf, Batian, kina mita 5,199. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess, mwanafizikia kutoka Austria, alipanda kwa puto hadi zaidi kidogo ya hapo, mita zipatazo 5,350, akiwa na vifaa vya kupima jinsi hewa inavyopokea chaji. Wengi walidhani kwamba mnururisho hutoka ardhini na kwa hiyo ungepungua kadiri mtu anavyopanda. Hess alikuta umeongezeka maradufu na zaidi. Miezi minne kabla, tarehe 17 Aprili 1912, alikuwa amepaa wakati wa kupatwa kwa jua, na kipimo hakikushuka mwezi ulipolifunika jua. Akahitimisha kwamba mnururisho unatoka juu, na chanzo chake kikuu si jua. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Werner Kolhörster wa Ujerumani aliivunja rekodi yake kwa mbali: tarehe 28 Juni 1914 alifika mita 9,300, mahali palipo juu kuliko kilele chochote cha dunia, na kuthibitisha kwamba Hess alikuwa sahihi.

Asmara 1933, Malindi 1970

Hii ndiyo sehemu ya historia ninayotamani kila mwanafunzi wa fizikia Afrika Mashariki aijue, kwa sababu ilitendeka kwetu.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930, ilikuwa imejulikana kwamba miale ya kosmiki hupungua mtu anapoikaribia ikweta. Mholanzi Jacob Clay aliliona hilo mwaka 1927 akisafiri kwa meli kati ya Java na Ulaya. Lililobaki ni swali: vipande hivi vina chaji gani? Mwitaliano Bruno Rossi alikuwa ametabiri kwamba, karibu na ikweta ya sumaku, vipande vyenye chaji chanya vingekuja kwa wingi zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki. Mwaka 1933 alikwenda Asmara, Eritrea, mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300 na karibu na ikweta hiyo. Akaelekeza vifaa vyake huku na huku. Upande wa magharibi ulizidi, tena kwa kiasi kikubwa. Vipande vingi vilikuwa chanya. Wengine walikuwa wamepata jibu hilo hilo muda mfupi kabla yake huko Mexico, lakini Rossi aliondoka Asmara na jambo la ziada: vifaa vilivyowekwa mbalimbali wakati mwingine vilipigwa kwa pamoja, dalili kwamba kipande kimoja kikigonga hewa huzaa manyunyu mapana ya vipande vingine. Manyunyu hayo ndiyo yanayopimwa leo katika vituo vikubwa duniani.

Miaka ilipita. Rossi alifukuzwa Italia na sheria za ubaguzi za 1938, akaishia Marekani, na huko ndiye aliyesukuma wazo la kutazama anga kwa mionzi ya eksirei. Kijana aliyelichukua wazo hilo, Riccardo Giacconi, aliongoza ujenzi wa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru.

Kwa nini Kenya? Roketi inayorushwa karibu na ikweta hupata msukumo zaidi kutokana na dunia kujizungusha, hilo linajulikana. Ila kuna sababu nyingine, ambayo ni kiini cha makala haya. Njia ya Uhuru iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta, na kwenye njia hiyo miale ya kosmiki ni michache kuliko kwingine. Miale hiyo ni kelele kwa kifaa cha eksirei, na penye kelele kidogo hata nyota iliyofifia husikika. Setilaiti hiyo ilipita juu ya Ukambani tena na tena, ikikingwa na sumaku ile ile inayowakinga watu wa Mutomo na Kibwezi, na hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973 ilikuwa imekusanya habari za vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Baada yake zilifuata nyingine kutoka jukwaa hilo hilo: SAS-2 mwaka 1972, iliyopima miale ya gama, na Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974. Zilizorushwa kwingine pia zikachagua njia ya ikweta na kutumia kituo cha Malindi kupokea habari zake, ikiwemo AGILE ya Italia iliyorushwa mwaka 2007. AGILE ilirudi na kuungua angani Februari 2024, jua likikaribia kilele chake. NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021 nazo zimezungumza na dunia kupitia Malindi.

Jua lenye madoa mengi, jua lisilo na doa

Kilele kikubwa kuliko vyote katika hesabu ya madoa ni cha mzunguko wa 19, mwaka 1958, wastani wa 285. Kile cha 2024 ni zaidi kidogo ya nusu yake. Kwa upande wa utulivu, mwaka 1913 ulikuwa na siku 311 ambazo jua halikuwa na doa hata moja, na hakuna mwaka wowote tangu hapo ulioufikia. Mwaka 2008 ulikaribia, ukiwa na siku 266. Utulivu mrefu kuliko wote tangu darubini ielekezwe angani ni ule wa kati ya 1645 na 1715, ambapo madoa yalikuwa nadra kwa miongo saba. Wareno walizingirwa Fort Jesus, Mombasa, na kuipoteza mwaka 1698, chini ya jua hilo tulivu.

Matokeo ya utulivu wa 2008 na 2009 yalipimwa vizuri. Chombo cha ACE cha Marekani, kilichoko nje kabisa ya ngao ya sumaku ya dunia, kilikuta mwaka 2009 miale ya kosmiki imeongezeka takriban asilimia 19 kupita kipimo chochote cha miaka 50 iliyotangulia. Wakati huo ilikuwa rekodi ya enzi za vyombo vya angani.

Rekodi za kinyume huja ghafla. Mwaka 1937 Mmarekani Scott Forbush aligundua kwamba dhoruba ya sumaku inapoikumba dunia, miale ya kosmiki huporomoka kwa siku kadhaa, na alitumia, pamoja na kituo cha Marekani, kituo cha Huancayo nchini Peru kilicho karibu na ikweta ya sumaku. Mwaka 1954 alichapisha hesabu za 1937 hadi 1952 zilizoonyesha wazi kwamba madoa yakipanda, miale inashuka. Kuporomoka huko bado kunaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa kuporomoka kukubwa zaidi kuliopimwa ni kule kwa tarehe 29 hadi 31 Oktoba 2003, ambapo vituo vya latitudo za juu vilipoteza zaidi ya moja ya tano ya miale yote. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, jua lililipuka kwa mlipuko wa eksirei ambao haujapata mfano tangu setilaiti zianze kuipima. Kifaa kililemewa na kuacha kusoma, na wanasayansi wakaukadiria baadaye kuwa wa daraja la X28 au zaidi.

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ikaja dhoruba ya sumaku ya kwanza ya daraja la juu kabisa tangu 2003. Wakati wa dhoruba hiyo, jua lilifanya mambo mawili yanayoonekana kupingana: lilizifagia protoni za mbali na papo hapo likarusha protoni zake lenyewe, nyingine zikiwa na nguvu ya kufika hadi vituo vya ardhini vya latitudo za juu. Juu ya Ukambani hazikuwa na nishati ya kupita.

Je, jua limewahi kuipenya ngao ya ikweta? Ndiyo, na ndiyo sababu tarehe 23 Februari 1956 inapaswa kukumbukwa. Siku hiyo nyutroni zilizohesabiwa Leeds, Uingereza, ziliongezeka zaidi ya mara 40 ndani ya dakika chache. Hilo ndilo ongezeko kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze, na hata Huancayo palionekana athari. Kwa hiyo ngao yetu ni nene, si ukuta.

Mwaka 774 ndani ya mti

Kinachoipita 1956 hakikuandikwa na kifaa chochote. Kiliandikwa na miti. Miale ya kosmiki inapogonga hewa huzaa nyutroni, na nyutroni zikiingia kwenye nitrojeni huigeuza kuwa kaboni-14. Mimea huivuta pamoja na kaboni ya kawaida. Hapa ikweta huzalishwa kaboni-14 kidogo kuliko kwenye latitudo za juu, lakini upepo huichanganya dunia nzima, kwa hiyo mibuyu ya Kibwezi inaibeba sawa na misonobari ya Ulaya.

Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake wa Japani walipima pete za mierezi ya kale mwaka kwa mwaka. Kati ya 774 na 775, kaboni-14 iliruka kwa asilimia 1.2, kiasi kisichoweza kuelezwa na mabadiliko ya kawaida. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mlipuko wa jua mkubwa mno kuliko wowote uliopimwa. Kwenye mwambao wetu, huo ndio wakati Shanga, katika visiwa vya Lamu, ilipokuwa makazi machanga. Msikiti wake wa kwanza wa miti ni wa karne hiyo hiyo ya 8. Baadaye yakapatikana matukio mengine ya namna hiyo, na mwaka 2023 watafiti walitangaza kubwa kuliko yote yanayojulikana, lililotokea yapata miaka 14,300 iliyopita, likiwa limehifadhiwa ndani ya magogo ya misonobari kwenye milima ya Alps, Ufaransa.

Mbuyu hauna pete za miaka za kuaminika, na shina lake mara nyingi lina uwazi katikati. Umri wake hupimwa kwa kaboni-14, na kipimo hicho hakiwi sahihi bila kujua jua lilivyokuwa likibadilika karne kwa karne. Mbuyu mkongwe kuliko yote uliopimwa hivyo ni Panke wa Zimbabwe, uliofikia takriban miaka 2,450 kabla ya kufa. Ningependa sana kuona mibuyu mikubwa ya kati ya Kibwezi na Mtito Andei ikipimwa kwa uangalifu huo kabla ya mashoka na makaa kuimaliza.

Isiyojali jua

Tarehe 15 Oktoba 1991, jimboni Utah, Marekani, ilipimwa chembe moja yenye elektronivolti bilioni bilioni 320. Rekodi hiyo haijavunjwa. Iliyoikaribia, ya tarehe 27 Mei 2021, ilipimwa pia Utah na kupewa jina Amaterasu. Kwa miale ya nguvu hiyo, upepo wa jua ni kama haupo.

Mjadala uliodumu kuliko yote

Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Kwa miaka aliyokuwa nayo, uhusiano ulikuwa wa kuvutia mno. Baadaye ukavunjika. Kisha mvua kubwa za 1961 zikalipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, bila kufuata ratiba yoyote ya madoa. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake wakaufufua mjadala, wakisema kwamba katika karne ya 20 vilele vya mvua vilielekea kutangulia vilele vya madoa kwa mwaka mmoja hivi. Wengine wamedai kwamba miale ya kosmiki yenyewe husaidia mawingu kujengeka, na kwa hiyo jua huiongoza mvua kwa mlango wa nyuma. Jaribio la CLOUD kule CERN limelichunguza dai hilo kwa miaka mingi, na athari iliyoonekana kwenye mawingu ya chini ni ndogo.

Mimi nawatazama wakulima wa ndengu wa Kitui na kuyapima madai haya kwa miaka wanayoikumbuka. Mvua kubwa za vuli za 1997 zilikuja jua likiwa limetoka tu kwenye utulivu. Za 2019 zilikuja jua likiwa katika utulivu kamili. Za 1961 zilikuja jua likiteremka kutoka kilele kikubwa kuliko vyote. Kinachoziunganisha zote tatu ni Bahari Hindi, iliyopata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia. Misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, ukame mrefu kuliko wowote Pembe ya Afrika kwa miaka 40, ilitokea jua likipanda, na ilisukumwa na La Niña. Anayetaka kujua kama atapanda ndengu Oktoba aiulize bahari kwanza.

Nyutroni zilizo chini ya miguu

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo miale ya kosmiki inaweza kumtumikia mkulima wa Makueni moja kwa moja. Nyutroni zinazozaliwa angani hufika ardhini na kuzunguka juu ya udongo. Haidrojeni huzipunguza kasi haraka kuliko kitu kingine chochote, na haidrojeni ya shambani iko hasa kwenye maji. Udongo mkavu hurudisha nyutroni nyingi hewani, ulioloa hurudisha chache. Marek Zreda wa Chuo Kikuu cha Arizona, ambaye mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa waliopima umri wa mawe ya barafu za kale za Mlima Kenya na Kilimanjaro kwa kutumia alama za miale ya kosmiki, aliongoza mwaka 2008 kubuni kifaa kinachozihesabu nyutroni hizo. Kifaa kimoja, kikisimama juu ya ardhi bila kuchimba, husoma unyevu wa eneo lenye nusu kipenyo cha mita 130 hadi 240, na kina cha sentimita kadhaa hadi makumi kadhaa. Nchini Kenya, vifaa vya aina hiyo vimewahi kusimikwa Mpala, Laikipia.

Ukambani hutajwa kuwa na mabwawa mengi ya mchanga kuliko sehemu yoyote duniani. Taasisi ya SASOL peke yake imejenga mamia Kitui tangu miaka ya 1990. Maji yanayojificha kwenye mchanga wa mto huulowesha udongo wa kandokando, na kujua umelowa kiasi gani na kwa muda gani ni jambo linalomgusa kila mwenye shamba la mboga mtoni. Vifaa vya Zreda vinafaa kabisa kwa kazi hiyo, na naamini Kitui na Makueni zinastahili kuvipata kabla ya kaunti zenye mvua nyingi.

Atakayevisimika atahitaji kulitazama jua kila siku. Nyutroni zikipungua shambani, huenda mvua imenyesha, au huenda jua limelipuka na kufagia miale. Vituo vya dunia husahihisha hesabu zao kwa kulinganisha na kituo cha Jungfraujoch, Uswisi, ambako kizingiti ni bilioni 4.5 tu. Sahihisho hilo likichukuliwa jinsi lilivyo na kutumiwa Wote au Kitui, litakuwa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa hapa jua huipunguza miale kwa kiasi kidogo kuliko kule. Inabidi lipunguzwe kulingana na kizingiti cha hapa, na mwaka wa kilele kama 2024 ndio wakati kosa la kusahau hilo huwa kubwa zaidi.